Mikono ya Efrazia

Nicodemo aliendesha mashine ya kuvuna katika shamba la ngano la serikali, Hanang. Aliishi Nangwa na mkewe, Efrazia, na binti yao Natalia.

Mwaka ule Efrazia alipasuliwa shingo kuondoa goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Daktari alimwambia arudi baada ya siku kumi. Siku ilipofika, Nicodemo alisema, "Ngano imekauka. Tutakwenda mavuno yakiisha."

Midomo ya Efrazia ilikuwa inawashawasha. Vidole vilikufa ganzi. Alipomwambia mumewe, alijibiwa, "Ni uchovu tu."

Jumapili moja Gervasi, msimamizi wa madereva, alikuja kula pamoja na madereva watatu. Efrazia alileta bakuli la mchuzi. Ghafla vidole vyake vikajikunja, vikakaza. Bakuli likaanguka. Mchuzi ukamwagikia miguu ya Gervasi.

"Umelewa?" Nicodemo alimwuliza mbele ya wote.

"Baba Natalia, siwezi kufungua mikono."

"Acha kujifanya."

Efrazia akaanguka, mwili mzima umekakamaa. Gervasi ndiye aliyemnyanyua. Wakampeleka kituo cha afya, Katesh, kwa gari la shamba.

Mganga alimchoma dawa ya kalsiamu polepole kwenye mshipa. Vidole vikaanza kulegea. Nicodemo alishindwa kutazama, akatoka nje. Muuguzi Kornelia, mama wa makamo, akamfuata.

"Shikamoo, mama," Nicodemo alisema. "Amelogwa?"

"Marahaba. Hajalogwa. Kalsiamu imepungua katika damu yake. Ni madini yaliyo kwenye mifupa, lakini misuli na mishipa ya fahamu huyahitaji pia. Yakipungua, misuli hukaza yenyewe."

"Lakini maziwa anakunywa."

"Maziwa peke yake hayatoshi. Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne, vidogo kama punje za ngano. Hutoa homoni, yaani ujumbe unaopita kwenye damu. Kalsiamu ikipungua, homoni huiambia mifupa itoe kidogo. Huziambia figo zisiimwage kwenye mkojo. Husaidia pia utumbo uichukue kutoka kwenye chakula. Ikitosha, vitezi hupunguza ujumbe."

"Na vya mke wangu?"

"Huenda viliguswa wakati wa kupasuliwa. Hutokea mara nyingine. Ndiyo maana aliambiwa arudi. Kwa nini hakurudi?"

Nicodemo alitazama chini. "Nilimzuia mimi," alisema.

Aliporudi ndani, Efrazia aliongea bila kumtazama. "Uliniita mlevi mbele ya watu."

Uso wa Nicodemo uliwaka kwa aibu. Akakaa sakafuni kando ya kitanda.

Efrazia alipewa vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Kornelia alimwonya asiache hata akijisikia vizuri, na arudi kupimwa damu.

Jumatatu, kabla kazi haijaanza, Nicodemo alisimama mbele ya Gervasi na madereva wale watatu.

"Mke wangu hakulewa. Alikuwa mgonjwa, nami nilijua aliambiwa arudi hospitali. Nilimzuia, kisha nikamtukana mbele yenu."

"Yeye mwenyewe umemwambia?" Gervasi aliuliza.

"Nimemwambia. Hajanijibu."

Efrazia alimjibu baada ya wiki mbili, alipomkuta akisoma kadi yake ya kliniki. "Umechelewa kuisoma," alisema. "Lakini soma."

Mikono yake haikukaza tena. Msimu uliofuata alipalilia shamba lake mwenyewe. Nicodemo bado huona aibu anapokumbuka. Siku ya kliniki ikifika, huomba ruhusa kazini mapema, ili waende pamoja.