Kurasa Tatu za Bwana Manukato

Walikutana kwenye foleni ya duka la fotokopi, mchana, watu wamebanana. Yeye, Bwana Manukato, alivaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi na kujipulizia marashi ya kutosha watu kumi. Binti alikuwa na gauni la kijani na wino vidoleni. Mwanaume mwenye akili angeuliza ule wino ni wa nini. Huyu aliomba namba ya simu.

Miezi mitatu ikawa simu asubuhi, simu jioni. Umekula, malkia wangu? Kisha nusu saa ya kujisifu. Binti alimpenda hivyohivyo, mapenzi ni upofu. Siku moja akamsimulia siri ambayo hata dada yake hakuijua: akiwa na miaka kumi na minne alimwandikia kaka mkuu barua ya mapenzi, naye akaisoma mbele ya shule nzima akicheka. Alisimulia akilia. Bwana Manukato alimfuta machozi, kumbe anakariri.

Binti kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za vitabu. Jumatatu moja ukamfikia mezani mkusanyiko wa visa vya kweli vya ujana, kila mtu na yaliyomkuta. Kisa cha tisa kilikuwa kile cha barua yake, neno kwa neno kama alivyokisimulia, ila mwandishi na kaka mkuu sasa ni Bwana Manukato, anayekihurumia "kisichana kimoja kijinga". Akapiga simu.

"Hiki kisa umekitoa wapi?"

"Wewe umekionea wapi, mpenzi?"

"Kazini kwangu. Miezi mitatu hujawahi kuniuliza nafanya kazi gani."

Hapo jamaa akaomba msamaha, na kwa kuwa haya hana, akaomba na ndoa. Eti wakioana, chake ni chake, na cha binti ni chake pia. Binti alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma. Akasema jibu atampa kwa maandishi.

Kisha akamweleza mhariri wa kitabu, mama mmoja, kila kitu. Mama yule akakiondoa kisa, akamwambia zile kurasa tatu azijaze mwenyewe.

Siku ya uzinduzi Bwana Manukato alikuja na suti, rafiki zake na shangazi yake aliyemlea. Alishawatangazia kwamba ndoa amekubaliwa na kisa cha tisa ni chake. Shangazi akafungua kisa cha tisa, akasoma kwa sauti habari za barua na za mtu aliyejifanya kaka mkuu, mpaka mwisho: "Wa kwanza aliyeianika barua yangu alinicheka. Wa pili ameniomba ndoa. Jibu langu ni hapana."

Shangazi akavua miwani.

"Haya, kaka mkuu," akasema, "twende nyumbani."