Swichi Mbili, Taa Moja

Nyumba ilikuwa ya zamani, ya ghorofa moja, yenye kuta nene. Chini kulikuwa na sebule, jiko na chumba kidogo ambamo mke alishonea nguo za watu. Juu kulikuwa na vyumba vya kulala. Ngazi ya mbao ilipanda katikati, ikiwa na vidato kumi na vinne na bila dirisha hata moja. Hata mchana, ukiipanda bila taa, ilibidi upapase ukuta.

Taa ya ngazini ilikuwa moja, lakini swichi zake zilikuwa mbili, moja chini na moja juu. Unawasha chini, unapanda, unazima juu. Miaka yote ilikuwa hivyo.

Siku moja swichi ya chini ikavunjika. Mume alikuwa seremala. Alijiambia kwamba mtu anayeweza kutengeneza kabati la milango sita hawezi kushindwa na swichi. Akanunua nyingine yenye matundu matatu, sawa na ile ya zamani. Alipofungua ukutani akakuta nyaya tatu: mwekundu, wa buluu na wa njano. Akazichomoa zote bila kuziwekea alama. Kisha akakwama. Upi ulikuwa wapi?

"Mwekundu ndio mkubwa," alijisemea. Akaufunga kwenye tundu lililokuwa peke yake upande mmoja. Zile nyingine mbili akazifunga kwenye matundu yaliyobaki. Akabonyeza, na taa ikawaka.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Fundi wa nini?"

Kuanzia hapo taa ikawa na mambo yake. Asubuhi iliwaka. Adhuhuri ilikataa. Mke alibonyeza chini, kimya. Akapanda gizani, akabonyeza juu, ikawaka. Alipotaka kupanda tena baadaye, ikagoma.

"Hii taa imenichanganya," alisema.

"Umebonyeza vibaya," mume alijibu.

"Swichi inabonyezwa vibaya vipi, baba watoto?"

Mume aliondoka akipiga mluzi. Yeye mwenyewe ilishamgomea mara mbili, ila hakusema.

Aliyepata shida zaidi ni bibi, mama yake mume. Alikuwa mkunga mstaafu. Chumba chake kilikuwa juu. Mara nyingi walimsikia akibonyeza swichi, ta, ta, ta, kisha kimya, kisha hatua za polepole gizani.

"Mama siku hizi anabonyeza swichi mara kumi," mume alinong'ona. "Ni umri."

Mke alitaka kumtetea. Lakini labda ni umri kweli. Hakujua tena aamini nini.

Jioni moja walisikia kishindo. Walimkuta bibi amekaa kwenye kidato cha tatu, ameshika kifundo cha mkono. Kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Mama! Kwa nini hukuwasha taa?" mume aliuliza.

Bibi alitazama chini. "Nilibonyeza, ikakataa. Jana nilibonyeza vile vile, ikakubali. Sikutaka kuwaambia. Nilidhani ni akili yangu imeanza kuniaga. Nimekuwa nikipapasa ukuta wiki tatu."

Mke alimtazama mumewe. Mume alitazama vidole vya miguu yake.

Walimpeleka bibi zahanati. Mkono haukuwa umevunjika, ukafungwa bendeji. Kesho yake asubuhi mke akaenda nyumba ya tatu, kwa jirani aliyekuwa fundi umeme. Mtaa mzima ulimwita Testa, kwa sababu testa yake, bisibisi yenye kijitaa kinachowaka ikigusa umeme, ilikaa kwenye kilemba kama pini.

"Shikamoo, bibi. Pole sana," Testa alisema alipoingia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa."

Testa alibonyeza swichi zote mbili, akapanda, akashuka, akabonyeza tena. Kisha akageuka.

"Nani aligusa swichi hii?"

Mume alikohoa. "Mimi."

"Ulizima umeme kwanza?"

"Nilizima fyuzi ya vyumba vya chini. Si swichi iko chini?"

Testa alichomoa testa kilembani. Akaijaribu kwenye soketi yenye umeme, kuhakikisha ni nzima. Akazima fyuzi ya chini. Kisha akafungua swichi na kugusa nyaya kwa testa. Ikawaka.

"Haiwezekani!" mume alisema. "Umezima!"

"Nimezima ya chini. Taa hii inapata moto, yaani umeme, kutoka laini ya juu, ya vyumba vya kulala. Nyumba nyingi za zamani zina vituko hivi. Siku ile, ndugu yangu, ulikuwa unachezea nyaya zenye moto."

Mume alikaa kwenye ngazi.

"Basi mtu afanye nini?" mke aliuliza.

"Azime mein swichi, ile inayozima nyumba nzima. Halafu apime kabla ya kugusa. Na kama hajui, amwite anayejua."

Testa akazima mein swichi. Akafungua zile nyaya tatu, akazitenganisha mbalimbali. Akarudisha umeme. "Mtu yeyote asisogee hapa. Mama watoto, panda ubonyeze swichi ya juu nikikwambia."

Testa alipima. Waya mwekundu uliwasha testa. Mke alipobonyeza juu, mwekundu ukazima na wa buluu ukawa na moto. Akabonyeza tena, moto ukarudi kwenye mwekundu. Wa njano haukuwa na moto hata mara moja. Mke akashuka.

"Mbona sielewi?" mume alisema.

Testa aliingia chumba cha kushonea, akarudi na nyuzi. Akafunga uzi mwekundu na wa buluu kati ya viti viwili.

"Kiti hiki ni swichi ya juu. Kile ni ya chini. Kati yao kuna njia mbili. Swichi ya juu inachagua moto upite njia ipi. Swichi ya chini inachagua kupokea kutoka njia ipi. Zikichagua njia moja, taa inawaka. Zikichagua tofauti, inazima. Ukibadili yoyote, taa inabadilika."

"Na wa njano?"

"Huo unatoka swichi ya chini kwenda kwenye taa. Ndio unaokaa kwenye tundu la peke yake. Wewe uliweka mwekundu pale, ukaziba njia moja. Ndiyo maana taa ilitii pale tu swichi zote mbili zilipokaa upande fulani. Rangi zisikudanganye. Pima."

Akazima tena mein swichi, akapima, akafunga waya wa njano mahali pake na zile mbili kwenye matundu yao. Kwenye boksi la fyuzi akabandika karatasi: *Taa ya ngazini iko laini ya juu.* Akarudisha umeme.

Taa ikawaka kutoka chini, ikazimwa juu, ikawashwa juu, ikazimwa chini. Haikugoma.

"Bibi," Testa alisema, "akili yako ni nzima. Waya ndio ulikuwa umepotea."

Mume alimsogelea mama yake. "Nisamehe, mama. Nilisema ni umri."

"Nilikusikia," bibi alisema. "Masikio nayo ni mazima."

Wote wakacheka, hata mume, ingawa cheko lake lilichelewa. Kisha akakunja uso mbele ya swichi.

"Lakini sasa imelala chini na taa imewaka. Punde ilikuwa imelala chini na taa imezima. Ipi ni kuwasha?"

"Hakuna," Testa alisema. "Usitazame swichi. Tazama taa."

Bibi alikataa kushikwa mkono. Alipanda ngazi yenye mwanga, kidato kwa kidato, hadi juu. Wakasikia, ta! Wote watatu wakabaki gizani.

"Mama, sisi bado tuko huku!" mume aliita.

"Si mnayo swichi yenu?" bibi alijibu, na mlango wa chumba chake ukafungwa taratibu.