Mikia ya Panya Nyuma ya Magunia

Jumatatu, tarehe 18 Aprili 1955, Kariakoo iliamka na mvua ya masika. Ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na mitaro mbele ya maduka ilibeba maganda ya ndizi na majani ya kabichi kutoka sokoni. Ila, binti wa Tulsidas mwuza nafaka, alioga, akagusa miguu ya bibi yake kumsalimu, kisha akachukua kisahani cha maziwa na wali wa samli kumpelekea Moti.

Moti alikuwa paka jike mweupe aliyeingia katika nyumba ile kabla Ila hajazaliwa. Sasa alikuwa ajuza. Meno yalikuwa yamekwisha, manyoya yalimtoka kama pamba ya godoro kuukuu, na macho yake ya kijani yalikuwa yametanda ukungu.

“Njoo uone mchezo,” alisema Chandu, kaka yake Ila. Alimnyang'anya kisahani, akakigonga kwa kijiko. Moti akainuka, akayumba, akaifuata sauti. Chandu akakisogeza. Moti akafuata tena, akagonga pua kwenye mguu wa meza.

“Kipofu huyo!” Chandu alicheka. “Jana panya wamempita mgongoni. Nadhani walimwamkia, ‘Shikamoo, bibi!’”

“Mwache, Chandu! Amekukosea nini?”

“Mimi namchezea tu. Ba ndiye aliyesema, asipopona wiki hii atapelekwa Buguruni akaachwe.”

Ba ndivyo walivyomwita bibi yao, Ranjanben. Naye alijibu kutoka jikoni, “Sisi hatuui kiumbe. Tutamwacha tu huko, Mungu atamtunza. Hapa anachafua mahali pa sala.”

Ila alijua paka kipofu asiye na jino hamalizi usiku mmoja mbele ya mbwa wa Buguruni.

Katika nyumba ile hapakuliwa nyama, samaki wala yai. Ba alijivuna mbele ya wageni kwamba Moti naye ni kama wao: anakunywa maziwa, hajaua hata mjusi. Kwa sababu hiyo alimruhusu kulala chini ya rafu ya sala. Lakini Ila aliyajua mengine. Tangu utoto wake alikuwa akiwahi kufagia nyuma ya magunia ya mtama kabla Ba hajapita, akaizoa mikia ya panya aliyoibakisha Moti na kuitupa mtaroni. Aliogopa kwamba Ba akiiona, Moti atafukuzwa.

Meno ya Moti yalipokwisha, mikia nayo ilikwisha. Ila alifurahi kupumzika na kazi ile ya siri. Hakujiuliza Moti sasa anakula nini badala ya panya.

Asubuhi hiyohiyo baba yake alimsimamisha Bwana Polycarp, bwana mifugo, aliyekuwa akipita kwa baiskeli kwenda kuwaona ng'ombe wa mwuza maziwa. Bwana mifugo alimpapasa Moti mbavu, akamfungua kinywa.

“Tangu ujana wake anakula nini?”

“Maziwa, wali na samli,” Ba alijibu. “Nyama hajui hata harufu yake.”

Bwana Polycarp akamgeukia Ila. “Wewe ndiye unayemlisha. Ni kweli?”

Ila alimtazama bibi yake, akatazama rafu ya sala.

“Ndiyo, bwana. Maziwa na wali tu.”

“Basi chakula si neno, amekizoea. Itakuwa minyoo.” Akampa Moti mafuta ya nyonyo ya kuendesha tumbo, akaagiza asilishwe kitu mpaka atakaporudi kesho yake.

Dawa ile ilimtesa Moti vibaya. Alitapika, akaharisha, akalia kwa sauti ambayo Ila hakuwahi kuisikia. Ba aliamuru atolewe uani, chini ya ukingo wa bati, na matone ya mvua yakamrukia. Ila alipiga magoti kando yake akaomba, “Mungu, mponye. Nitafanya lolote.” Lakini lile moja aliloweza kulifanya, la kusema kweli, hakulifanya.

Siku ya pili, mvua ilipokatika, Moti hakuwapo uani. Ila alitoka mbio. Alimkuta ng'ambo ya mtaro, ametapakaa tope, anajiburuta kwa tumbo kufuata harufu ya samaki. Pale barazani Bi Mwanamkuu, jirani yao, alikuwa akikaanga samaki wa kuuza. Alikwisha kumchambulia Moti kipande, akampulizia kipoe. Moti alikimeza huku anatetemeka mwili mzima.

“Shikamoo, Bi Mwanamkuu. Usimpe, tafadhali! Ba akiona…”

“Marahaba. Akiona nini, mwanangu? Mnyama huyu anakufa njaa! Hebu mtazame anavyomeza!”

Ila akaangua kilio, akamweleza yote: magunia, mikia, na jibu alilompa bwana mifugo.

“Nami nimeomba, bibi. Nimeomba sana!”

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” alisema Bi Mwanamkuu, akifuta mikono. “Mwenyezi Mungu anajua kila kitu. Tabibu hajui mpaka aambiwe. Twende.”

Bwana Polycarp alikuwa amekwisha kufika dukani. Ila, amemkumbatia Moti, akasema yote mbele ya Ba. Alipomaliza hakuna aliyemtuliza.

“Kumbe nimemwendesha tumbo mnyama mwenye njaa,” alisema Bwana Polycarp kwa ukali. “Huyu aliishi kwa panya. Mpeni samaki laini kila siku, pengine ataishi. Macho hayatarudi. Lakini mateso ya jana yalikuwa ya bure, na sababu ni jibu lako.”

Ba alikwenda akalitoa tandiko la Moti chini ya rafu, akaosha sakafu kwa maji mengi. Kisha akarudi. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Buguruni haendi. Lakini humu hataingia tena.”

“Atakaa kwangu,” alisema Bi Mwanamkuu. “Vichwa vya samaki ninavyo.”

Tulsidas alimwita binti yake karibu. “Ila, mimi nami nina kosa. Duka la nafaka lisilo na panya, mwenye duka hujua ni kwa nini. Nilijua moyoni, nikanyamaza, kwa sababu lilinifaa. Uwongo wetu ulimpatia Moti mahali pa kulala, ukamnyima chakula. Mtu akimpenda mgonjwa, amsemee kweli, hasa yule asiyeweza kujisemea.”

Chandu alikuwa mlangoni. Safari hii hakucheka.

Wote walivuka mtaro, wakamlaza Moti barazani juu ya gunia kavu. Alikula tena, polepole, kisha akageuza kichwa kuelekea nyumba yake ya zamani, asiione. Ila alisimama mbele ya baba yake, Ba, Chandu, Bwana Polycarp na Bi Mwanamkuu. Alisema kwa sauti ili wote wamsikie:

“Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu: nikiulizwa habari za mgonjwa, nitasema ninayoyajua, hata kama kweli hiyo itamtoa nyumbani kwetu. Na Moti, kila siku atakayoishi, nitakuja hapa kumlisha kwa mkono wangu.”