Sungura na Daftari la Siri

Kila siku akitoka shule, Mikono alivua viatu mlangoni, akamsalimu mama yake aliyeinamia cherehani, kisha akakimbilia sanduku la mbao pembeni mwa jiko. Humo aliishi sungura wake wa kijivu. Jina la Mikono alipewa na mtaa mzima, kwa sababu binti huyu wa miaka kumi na mmoja hakuweza kuona kitu bila kukigusa. Ukuta ukipakwa rangi, lazima ahakikishe kwa kidole kama kweli ni mbichi.

Sungura alitoka kwa Mama Mabanda, mfugaji wa mtaa wa nyuma. Siku ile Mikono alisema anataka mnyama wa kupakata, na Mama Mabanda akamwonyesha kuku wa kahawia. Mikono alicheka mpaka akashika mbavu. Nani anapakata kuku? Macho yake yalikuwa yameshaangukia masikio laini ya sungura, na maneno mengine ya mfugaji hayakumwingia.

Sasa, wiki mbili baadaye, mambo yalikuwa yameharibika. Sungura akisikia hatua zake tu, alichomoka na kujibanza nyuma ya gunia la mabaki ya vitambaa. Akivutwa na kubebwa, alikakamaa kama kipande cha mti, kisha ghafla akarusha mateke. Mikono alikuwa na mikwaruzo mitatu, na mama alishasema neno la mwisho: ukitokea wa nne, sungura anarudi alikotoka.

Wazo la kumpoteza lilimkosesha raha. Cha ajabu, sungura hakumkimbia mtu mwingine yeyote nyumbani. Kwa nini yeye tu? Lazima kuna mtu anamfanyia kitu akiwa shuleni. Mama hashindi jikoni. Anayeshinda jikoni ni bibi yake, aliyekuja kukaa nao.

Na bibi hakumtaka sungura tangu siku ya kwanza. "Mnyama ndani ya nyumba?" alisema. "Mimi nimekuja kupumzika, sikuja kulinda zizi!"

Mikono akachukua daftari kuukuu, akaanza kuandika:

Jumatatu: Manyoya ya kijivu kwenye gauni la bibi. Nimemuuliza kama anamshika sungura, amesema hamgusi kabisa.

Jumanne: Bibi amefunga mlango wa jikoni. Nilipoingia ameficha kitu mfukoni.

Jumatano: Karoti moja haipo.

Jioni ya Jumatano alimvuta sungura ili amkague kama ana jeraha. Hakuona jeraha lolote. Alichopata ni mkwaruzo wa nne, mrefu kuliko yote. Akavaa sweta haraka, ingawa kulikuwa na joto.

Mezani hasira zikampanda. "Kuna mtu anamtesa sungura wangu," alisema.

"Nani?" mama aliuliza.

Mikono alimtazama bibi tu, na hilo lilitosha. Bibi aliweka kijiko chini taratibu.

"Mwanangu, angalia sana unachokisema," mama alimwonya.

"Mwache," bibi alisema. Akaitazama ile sweta kwa muda, kisha akaondoka bila kumaliza chakula. Mikono alijiambia kwamba mtu asiye na kosa angejitetea.

Alhamisi walimu walikuwa na mkutano, wanafunzi wakaruhusiwa mapema. Mikono hakupitia mlangoni. Alizunguka nyuma ya nyumba kwa kunyata, daftari kwapani, akachungulia dirisha la jikoni. Leo atamfumania.

Bibi alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, akichambua mchele kwenye ungo. Alitoa kipande cha karoti mfukoni, akakiweka kando ya mguu wake, akaendelea na kazi bila hata kugeuka. Baada ya muda sungura alitokeza pua, akasogea na kuinusa miguu ya bibi. Akajilaza ubavuni mwake, amejinyoosha kabisa, akaanza kuitafuna karoti.

"Kula upesi, bwana mdogo," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Mwenyewe atarudi. Akikubeba usimpige mateke, nakuomba. Anakupenda sana, ila mikono yake haijui kusubiri. Wakikurudisha, mjukuu wangu atalia mpaka macho yavimbe."

Mikono alihisi uso ukimwaka kwa aibu. Aliingia ndani polepole, akampa bibi daftari.

Bibi alisoma kila mstari. "Hii ya karoti ni kweli," alisema. "Mwizi ni mimi."

"Lakini uliniambia humgusi!"

"Simgusi. Yeye ndiye anayenigusa."

"Nisamehe, bibi," Mikono alisema, machozi yakamtoka. Kisha, bila kuambiwa, akaenda kwa mama na kupandisha mkono wa sweta.

Mama alizima cherehani. "Nilisema nini?"

"Ulisema anarudi."

Jumamosi wote watatu walikwenda kwa Mama Mabanda, bibi amelibeba sanduku mwenyewe. Mfugaji aliitazama mikwaruzo, akatikisa kichwa.

"Sungura wengi hawapendi kuinuliwa juu," alisema. "Akikakamaa mikononi mwako usidhani ametulia. Ameganda kwa woga. Na akirusha mateke hewani anaweza kuvunjika mgongo. Wewe unataka wa kupakata, nami nilikuonyesha yule kuku. Safari hii usimkamate. Kaa chini, usubiri."

Mikono aliketi, mikono mapajani. Vidole vilimwasha. Miguu ilikufa ganzi. Kuku wa kahawia, aliyelelewa mikononi mwa watu tangu alipokuwa kifaranga, alimzunguka mara mbili, akadonoa kifungo cha sketi yake, kisha akapanda mapajani na kujikunyata kama aliyefika kwake. Mikono alimpapasa taratibu mgongoni. Kuku akafumba macho.

"Ukimaliza, unawe kwa sabuni," Mama Mabanda alimkumbusha. "Haya, nipeni sungura wangu."

Bibi alilikumbatia sanduku. "Huyu haendi popote. Ni rafiki yangu."

"Wewe uliyesema hukuja kulinda zizi?" mama alishangaa.

"Nilisema nikiwa sijafahamiana naye."

Wote wakaangua kicheko, mama akalegeza neno lake, naye Mama Mabanda akakubali waondoke na wote wawili, kuku na sungura. Njiani kurudi, mama akiwa ametangulia, bibi alimshika Mikono bega.

"Mjukuu wangu, ulinipeleleza siku tatu ukajaza ukurasa mzima. Uliniuliza swali moja tu, na nilipokujibu hukuniamini. Sungura naye alikujibu kila siku, kwa kukukimbia, nawe hukumsikia. Kabla hujamshuku mtu, na kabla hujamshika mnyama, uliza. Kisha sikiliza jibu, hata kama silo ulilolitaka."

Siku hiyo, sanduku liliporudishwa pembeni mwa jiko, Mikono hakulikimbilia. Aliketi sakafuni kando ya bibi, akaweka kipande cha karoti karibu na mguu wake, akakunja mikono. Ilichukua muda mrefu sana. Hatimaye pua ndogo, yenye unyevu, ikamgusa kidole cha mguu.