Hajalewa, Ana Kiharusi

Lonzo Tolliver alikuwa fundi wa matrekta katika mji mdogo wa Alabama, mji ambao kila mtu analijua gari la mwenzake kwa mlio. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini akishika injini alikuwa akiisemesha kama mtu anayembembeleza mtoto ale, na mkewe Verdell alimsikia kutoka jikoni akacheka peke yake. Verdell alikuwa mpishi wa shule. Alikuwa amewalisha watoto wa mji ule, na sasa alikuwa akiwalisha watoto wa watoto hao.

Jumamosi moja ya Septemba Verdell alitakiwa kanisani, kupika chakula cha matanga. Asubuhi alimwekea mumewe mayai na uji mzito wa mahindi. Lonzo alilalamika kwamba uji hauna chumvi. Verdell akamkumbusha kwamba daktari ndiye aliyeikataza kwa sababu ya shinikizo la damu. Lonzo akanung'unika, akala, kisha akatoka uani kutengeneza mashine ya kukatia nyasi ya jirani. Verdell aliondoka bila wasiwasi wowote.

Kabla ya mchana Cleophus, kaka yake Lonzo, alipita hapo. Alimkuta mdogo wake amekaa chini, spana imemtoka mkononi. Lonzo alijaribu kuinuka, akayumba, mguu mmoja ukiburuta. Alipoulizwa ana nini, maneno yalimtoka yamevurugika, kama mtu aliyejaza chakula mdomoni. Cleophus akacheka. Ujanani Lonzo alikuwa mlevi, ingawa pombe aliiacha tangu binti yake alipozaliwa. Cleophus alidhani ameirudia. Hakutaka majirani wamwone katika hali ile, basi akamkokota ndani, akamlaza kwenye kochi, akamfunika blanketi, akaenda zake. Alifanya hayo yote kwa upendo.

Verdell alirudi alasiri. Alimkuta Lonzo macho wazi, upande wa kulia wa uso umeporomoka, mate yanachuruzika, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Alimpigia shemeji yake simu.

"Mwache alale, shemeji," Cleophus alisema. "Kalewa huyo. Akiamka mpe kahawa, halafu mimi nitakuja kumsema."

Verdell alinusa mdomo wa mumewe. Haukuwa na harufu ya pombe hata kidogo. Akamwita jirani, wakamwingiza Lonzo garini, wakaenda hospitali ya kaunti.

Pale mapokezi, nyuma ya kioo, alikaa mwanamke mwenye kalamu. Alimtazama Lonzo, akayatazama mafuta ya mashine kwenye nguo zake, akauliza amekunywa nini leo. Verdell akajibu kwamba hajanywa kitu.

"Ndivyo wanavyosema wote," yule mwanamke akasema. "Kaeni pale, mtaitwa."

Wakakaa. Lonzo aliegemea bega la mkewe, mate yakimlowesha. Mtu aliyekuwa kiti cha jirani aliinuka akahamia mbali. Kijana aliyeteguka kifundo cha mguu uwanjani aliitwa. Mwanamke mwenye kikohozi aliitwa. Verdell alikwenda kwenye kioo mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya tatu aliambiwa kwamba akiendelea kupaza sauti mlinzi ataitwa amtoe nje. Basi akashusha sauti, kwa sababu angetolewa yeye, Lonzo angebaki na nani?

Walipomwingiza ndani hatimaye, jambo la kwanza walilofanya ni kumtoa damu wapime pombe. Majibu yakaja kwamba hakuna. Hapo ndipo daktari alipokuja, akamwambia Lonzo atabasamu, akaona mdomo umekwenda upande mmoja, na yeye mwenyewe akaisukuma machela mbio hadi kwenye chumba cha kupigia picha ya kichwa.

Baadaye daktari yule alikaa mbele ya Verdell na kumwambia ukweli. Ilikuwa kiharusi. Damu iliyoganda ilikuwa imeziba mshipa wa ubongo. Ipo dawa ya kuyeyusha damu ile, lakini muda wake ulikuwa umepita. Picha zilitumwa kwa wataalamu wa mji mkubwa kuona kama donge lile linaweza kuvutwa nje. Wakajibu kwamba sehemu kubwa ya ubongo uliokuwa ukilishwa na mshipa ule ilikuwa imekwisha kufa.

Lonzo alirudi nyumbani majani ya miti yakiwa yamepukutika. Mkono wa kulia haukufanya kazi. Maneno yalikuwa yamemtoroka. Akitaka maji alisema "hapana." Akitaka kwenda chooni alisema "hapana." Alijua anachotaka, na alijua kwamba hakisemi, na mara nyingine alipiga meza kwa mkono wa kushoto hadi vikombe vikaruka.

Verdell alipika, akamwogesha, akamlisha. Ndani yake kulikuwa na moto. Watu wa kanisa walipomwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, aliwafungulia mlango waende zao.

Jioni moja Renita Boykin alikuja na pai ya viazi vitamu. Renita alikaa nyumba ya tatu kutoka pale, na alikuwa muuguzi katika wodi ya kiharusi ya hospitali kubwa ya mjini. Walikaa barazani. Cleophus naye alikuwepo, amekaa kwenye ngazi, kofia mkononi. Tangu siku ile alikuwa akija kila jioni na hazungumzi.

"Niambie mambo yalivyopaswa kwenda," Verdell alisema. "Usinionee huruma. Niambie."

Renita alieleza polepole. Ubongo unaishi kwa damu. Mshipa ukiziba, sehemu ile inaanza kufa hapo hapo, na kila dakika inayopita inaongeza hasara. Ndiyo maana dalili huja kwa ghafla. Uso unaporomoka upande mmoja. Mkono au mguu unaishiwa nguvu. Maneno yanavurugika, au mtu haelewi anachoambiwa. Wengine macho yanaingia giza ghafla, wengine wanapoteza mwelekeo na kuyumba, wengine kichwa kinauma kuliko walivyowahi kuumwa.

"Mwambie atabasamu," Renita alisema. "Mwambie ainue mikono yote miwili. Mwambie aseme sentensi moja. Kimoja tu kikienda kombo, piga simu ya dharura. Usisubiri cha pili. Na hata dalili zikipotea zenyewe, piga vilevile, maana zinaweza kurudi kwa nguvu zaidi."

Verdell aliuliza kama angempa aspirini siku ile ingemsaidia. Renita akakataa. Kuna kiharusi cha mshipa kuziba, na kuna kiharusi cha mshipa kupasuka, na kwa nje vinafanana. Ukimpa dawa ya kulainisha damu mtu ambaye mshipa wake umepasuka, unaweza kumuua. Hata maji na chakula asipewe, kwa sababu koo linaweza kuwa limelegea, vikampalia. Ni picha ya kichwa tu inayoonyesha kiharusi ni cha aina gani. Kwa hiyo mgonjwa anapofika hupimwa sukari haraka, maana sukari ikishuka sana mtu anaweza kuonekana vivyo hivyo, kisha anapelekwa moja kwa moja kwenye picha. Kama hakuna damu iliyovuja na muda bado upo, anapewa dawa ya kuyeyusha.

"Muda gani?"

"Kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Lakini mapema zaidi ni bora zaidi. Donge likiwa kwenye mshipa mkubwa, tunaweza kulifuata kwa mrija mwembamba kupitia mshipa wa kwenye nyonga, tukalivuta. Kwa hilo wengine wana muda mrefu zaidi, lakini picha ndiyo inayoamua."

Pale kwenye ngazi Cleophus alisema, kwa sauti ndogo, "Nilimfunika blanketi."

Verdell alisema, "Wewe hukujua, shemeji. Nawe utajifunza, na hutarudia. Lakini wale kujua ni kazi yao. Walimtazama mume wangu, wakaona mtu mweusi anayeyumba, wakaona wamemaliza kazi."

Mwezi uliofuata bodi ya hospitali ilifanya mkutano wa wazi. Verdell alikwenda. Alimsukuma Lonzo kwenye kiti cha magurudumu hadi mstari wa mbele. Nyuma yake walikaa Cleophus, Renita, na kwaya nzima ya kanisa.

Mwenyekiti alikuwa mtu mpole mwenye tai. Alisema bodi inasikitika sana kwa yaliyoipata familia ya Tolliver.

"Sikuja kuchukua pole," Verdell alisema. "Pole ninazo nyingi nyumbani. Mume wangu alikaa kwenye viti vyenu ubongo wake ukifa, nanyi mkamwita mlevi. Mlimpima pombe kabla ya kumpima kichwa. Na hata angekuwa amelewa, mlevi hapati kiharusi?"

Mwenyekiti alisema hospitali ni ndogo, haina daktari wa ubongo. Renita akasimama akaeleza kwamba hospitali ndogo nyingine zinaunganishwa na daktari wa ubongo wa mjini kwa skrini. Daktari anamwona mgonjwa, anaziona picha, anatoa uamuzi, na dawa inatolewa papo hapo. Mwenyekiti akaahidi kwamba wataliangalia suala hilo.

Verdell alirudi mkutano uliofuata, na uliofuata tena. Walipobadilisha saa ya mkutano alibadilisha zamu yake kazini. Siku ambazo hakukuwa na mkutano alifundisha watu kuhusu tabasamu, mikono na sentensi, kwenye mazoezi ya kwaya na kwenye saluni. Cleophus alifundisha kwa kinyozi, na kila mara alianza kwa kusimulia habari ya blanketi. Polepole mambo yalibadilika. Skrini ya daktari wa mjini ikafungwa ukutani. Wafanyakazi wa mapokezi wakafundishwa. Ikawekwa kanuni kwamba anayeyumba au kuongea ovyo ghafla aonwe mara moja, na maswali ya pombe yasitangulie picha.

Kisha ikaja asubuhi moja ya baridi katika jiko la shule. Joletta Grimes, mpishi mwenzake Verdell, aliangusha sinia zima la mikate. Joletta alikuwa mama kijana, mwenye afya, mtu wa kuimba kazini. Alisimama anaitazama mikate sakafuni kama hajui ni nini.

Msimamizi wa jiko, Bwana Haskew, alisema ni uchovu. Alisema Joletta ana mtoto mchanga, hajalala, apewe maji akapumzike ofisini.

Verdell alikuwa ameshamfikia. "Joletta, tabasamu." Upande wa kushoto wa mdomo haukusogea. "Inua mikono." Mkono wa kushoto ulipanda kidogo, ukashuka. "Sema, leo watoto wanakula kuku."

"Bi Verdell," Joletta alisema kwa ulimi mzito, "naomba nilale kidogo."

"Hulali," Verdell alisema. "Hapa halali mtu."

Alipiga tisa-moja-moja, simu ya dharura, akasema neno kiharusi kabla hajaulizwa. Bwana Haskew alisema ana gari pale nje, atamfikisha haraka kuliko gari la wagonjwa. Verdell alimkatalia. Watu wa gari la wagonjwa huipigia hospitali simu mapema, akamweleza, nayo inajiandaa mgonjwa akiwa bado njiani. Gari lake lingewafikisha mapokezi tu. Bwana Haskew alipoleta glasi ya maji, Verdell aliichukua akaimwaga kwenye sinki.

Verdell alilifuata gari la wagonjwa kwa gari lake. Hospitali walikuwa wakisubiri mlangoni. Joletta hakupita mapokezi. Alipimwa sukari machela ikitembea, akaingizwa kwenye picha. Daktari wa mjini alitokea kwenye skrini, akauliza mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho lini.

"Kengele ya kwanza ilipolia alikuwa anaimba," Verdell alisema. "Ya pili ilipolia mikate ilikuwa chini." Muuguzi alipiga simu shuleni kuuliza kengele hizo hulia saa ngapi, akaandika.

Hakukuwa na damu iliyovuja. Waliteremsha shinikizo lake la damu kwanza, kisha dawa ikaanza kuingia kwenye mshipa. Picha ilionyesha mshipa mkubwa umeziba, basi helikopta ikaitwa. Kabla haijatua, Joletta aliinua mkono wa kushoto akajikuna pua. Mjini walilivuta donge. Baada ya likizo ya Pasaka alirudi jikoni, akichechemea kidogo siku za baridi, na sauti yake ilikuwa ile ile.

Siku ile, helikopta ilipoondoka, Verdell alimuuliza muuguzi mashine ya picha ilinunuliwa lini. Muuguzi alisema ni ya zamani, ipo pale miaka mingi. Na dawa? Dawa nayo huwa kabatini siku zote. Verdell aliuangalia umbali kutoka viti vya mapokezi hadi mlango wa chumba kile. Mtoto angeweza kurusha mpira ukafika. Alikwenda kukaa ndani ya gari lake, akalia kwa hasira, kisha akarudi nyumbani kumkatia Lonzo nyama.

Hakuacha kwenda mikutanoni. Mwenyekiti akimwona tu, alianza na taarifa ya kiharusi bila kuulizwa. Mwaka ulipokwisha alisoma kwa fahari kwamba mwaka ule mzima hakuna mgonjwa hata mmoja wa kiharusi aliyeachwa kwenye viti vya mapokezi. Watu wakapiga makofi.

Verdell alisubiri makofi yaishe. Akakisogeza kiti cha Lonzo mbele zaidi, hadi magurudumu yakagusa meza ya bodi.

"Soma tena," alisema. "Polepole, mume wangu asikie."