Moshi Uliokula Waya

Sikukuu ya mwaka mpya ilikaribia. Bibi Qiongying alikuwa ametundika paja la nguruwe kwa waya juu ya jiko la makaa ya mawe. Bomba la moshi aliliziba kwa matambara, ili nyama ishike moshi vizuri. Mjukuu wake, Xiaoman, alikuwa akiota moto huku anakohoa.

"Bibi, kifua kinaniwasha."

"Kunywa chai, mwanangu. Ni baridi tu hiyo."

Mara, pu! Paja likaanguka, likakosakosa kichwa cha mtoto. Bibi akapiga yowe. Akamvuta Xiaoman, akampapasa kichwa chote.

Jirani yao Tang, fundi wa kiwanda cha makaa, akaja mbio. Akaokota waya, akauvunja kwa vidole kama bua kavu.

"Waya huu wa lini, mama?"

"Wa mwaka jana tu! Niliununua mpya!"

"Makaa yetu yana salfa nyingi. Ikiungua, inatoa gesi kali. Ndiyo inayochoma koo, na ndiyo iliyokula chuma hiki."

Bibi akautazama waya, akamtazama mtoto.

"Jamani! Chuma kimekwisha hivi, kifua cha mtoto je?"

"Nawe ukaziba bomba! Unakausha nyama au unamkausha mjukuu?"

Bibi alikuwa tayari juu ya kigoda, anang'oa matambara.

Kesho yake walichanganya makaa uani, wafinyange madonge ya kuchoma jikoni. Kwa ndoo kumi za unga wa makaa, Tang alitia ndoo moja ya chokaa, na udongo wa kushikanisha. Bibi akapandisha mikono ya koti akande, kama alivyozoea.

"Ebo! Chokaa inababua! Shika koleo!"

"Sasa chokaa itasaidia nini?"

"Makaa yakiungua, inaishika salfa, nyingi inabaki kwenye majivu. Lakini si yote. Na ile gesi isiyonuka, inayoua watu usingizini, chokaa haiiwezi. Bomba libaki wazi."

"Na nyama yangu?"

"Ikaushie nje kibandani, kwa moshi wa matawi ya mti wa mberoshi."

Bibi alitundika waya mpya palepale juu ya jiko, bila nyama, aone kama moshi utaula. Msimu wa baridi ulipokwisha, akaushika kwa mikono miwili, akajining'iniza. Haukukatika.

"Bibi, utaangusha paa!" Xiaoman akacheka, akacheka tena, bila kukohoa hata kidogo.

Bibi aliuachia waya, akaketi chini, akalia.