Besi Bila Bendi

Treni ya Stockholm ilikuwa imebakiza dakika tisa kuondoka stesheni ya Göteborg, na Ylva Rehn alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa la sita, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Alivaa koti la mvua la manjano, sketi nyekundu iliyopauka aliyoishona mwenyewe kutoka pazia kuukuu la jukwaa, na viatu vyekundu vya mbao. Mkononi alishika mkoba wa gitaa uliomfika mabegani. Abiria walimpita wakimgonga na masanduku, naye hakusogea hata hatua.

Joar Sandell alikuja mbio, sare ya bluu ya madereva wa tramu imelowa mvua.

"Wewe ndiye wa besi?" aliuliza huku akihema.

"Ndiye. Umechelewa."

"Tramu ilichelewa."

"Si wewe mwenyewe dereva?"

"Ndiyo maana nina uhakika ilichelewa."

Ylva alijaribu kununa, akashindwa. Akamsukumia mkoba. Joar alichuchumaa pale pale jukwaani akafungua zipu. Besi ilikuwa ya rangi ya asali, tumbo wazi ndani, na matundu mawili yaliyopinda kama ya fidla. Akainyanyua, nyepesi, kama kapu la mkate lililokwisha mkate. Kisha akapitisha kidole gumba shingoni, akasita.

"Vyuma viko wapi?"

"Vyuma gani?"

"Hivi vya kukatiza shingo. Vya kuonyesha noti."

"Bwana, niliandika kwenye tangazo. Bandlös."

Sasa, kwa lugha ya watu wale, band ni vile vyuma vya shingoni mwa gitaa, na band hiyo hiyo ni kundi la wapiga muziki. Tangazo lilisema besi haina band. Joar alilisoma wakati wa mapumziko, mdomo umejaa mkate wa iliki, akaelewa alivyotaka kuelewa.

"Nilidhani haina bendi," alisema. "Yaani imekosa wenzake. Nikasema, haya, tuko wawili."

Ylva alicheka mpaka kondakta akageuka. "Mtu mzima! Umri gani wewe?"

"Arobaini na moja. Nilipiga tuba miaka ishirini, bendi ya wafanyakazi wa tramu. Halafu nikaanguka na baiskeli, gurudumu limenasa kwenye reli. Meno ya mbele yote haya ni ya kununua. Mdomo haushiki tuba tena."

"Reli ya nini?"

Joar akatazama pembeni. "Ya tramu."

Ylva alicheka tena, safari hii akijifunika mdomo kwa adabu. Kisha akamwambia ukweli kwa nini anauza: miaka mitatu hajawahi kuipata noti moja sawasawa. "Vyuma vinakusamehe. Ukikosea kidogo, chuma kinakurekebisha. Hii haikusamehe. Utaiweza?"

"Tuba nayo haikuwa na vyuma. Sikio tu."

"Basi mmekutana."

Bei ilikuwa kroni elfu moja na mia nane, kwa sababu hakuna aliyetaka besi ya namna ile. Kule watu hulipana kwa simu, na malipo huenda kwenye namba ya mtu. Kwa hiyo treni ilipoondoka, Joar alibaki jukwaani na besi begani na namba ya Ylva mfukoni, bila kuiomba.

Siku ya tatu akampigia.

"Imeharibika?" Ylva aliuliza.

"Hapana. Nilitaka uisikie."

Aliweka simu kwenye meza ya jikoni, akakaa kitini, besi imeegemea kifuani. Hakuwa na amplifaya. Huo ndio uzuri wa tumbo wazi: jirani wa chini, aliyekuwa akiwashtaki watu kwa kelele za kijiko, hakusikia kitu, ila Joar mwenyewe alisikia kila noti ikipita mbavuni. Kidole hakiwekwi karibu na noti. Kinawekwa juu yake. Ukikosa kwa unene wa ukucha, besi inakusema. Ukipata, inaimba kama mtu anayeamka vizuri.

Alipomaliza aliiinamia simu.

"Upo?"

"Nipo. Mimi sikujua kwamba ilikuwa na sauti hiyo."

Ylva alikuwa Umeå, kaskazini, kwa miezi sita, akishona mavazi ya wachezaji wa tamthilia. Kila jioni baada ya kazi simu ililia. Alimweleza Joar jinsi alivyomshonea mfalme mnene suruali ya tatu. Alimweleza pia kwamba watu wa huko hawasemi ndiyo. Wanavuta pumzi tu kwa mdomo, fyup, kama mtu anayekunywa chai ya moto, na hiyo ndiyo ndiyo yao.

"Jana nimemuuliza mwenye nyumba kama ana sukari. Akavuta pumzi. Nikamwambia pole, umeshtuka nini?"

"Na wewe umeanza?"

"Fyup."

"Hee! Wamekuchukua, mpenzi."

Neno mpenzi lilimtoka hivyo, katikati ya habari za sukari. Hakuna aliyelirudisha. Mwezi wa pili Ylva alishuka Göteborg siku tatu, wakala uduvi mtaa wa Haga wakiwa wamesimama chini ya mwavuli mmoja, na akarudi Umeå na soksi mbili za Joar, kwa bahati mbaya, alivyodai. Mapenzi ni kikohozi. Hata madereva wenzake Joar walianza kumuuliza kwa nini anatangaza majina ya vituo kama mtu anayeimba.

Machi Ylva alipiga mchana, jambo ambalo si kawaida yake.

"Roho yangu, sikiliza. Wamenipa kazi ya kudumu huku. Lazima niwajibu Jumatatu ya tarehe kumi na nane Aprili."

Joar alikaa. "Na utawajibu nini?"

"Sijui. Jumamosi kabla ya hapo bibi yangu Gunvor anatimiza miaka tisini. Nataka nimwimbie valsi yake, wimbo wake wa dansi. Mjomba Evert kwenye akodiani, mimi sauti, wewe besi. Treni yangu itafika saa sita na sherehe ni saa saba, kwa hiyo hatutapata muda wa mazoezi pamoja. Jifunze vizuri."

"Tunapiga kwenye noti gani?"

"B."

"B. Sawa."

"Joar." Sauti yake ilipungua. "Yule niliyeishi naye zamani kila kitu alisema amefanya. Vyombo, amefanya. Barua, amepeleka. Kumbe uongo mtupu. Ukiniambia umefanya mazoezi, uwe umefanya. Nikiona kuna mtu wa kurudia huko, Jumatatu nitawaambia hapana."

Wiki tatu Joar hakukosa hata siku. Alijifunza valsi ile kwenye B mpaka kidole chake kikaijua njia kama tramu inavyojua reli.

Ukumbi wa parokia kule mtaa wa Majorna ulijaa. Mezani kulikuwa na keki ya mkate iliyopambwa kwa uduvi na mayai, na keki ya kijani kwa ajili ya watoto wa watu wazima, yaani kila mtu. Bibi Gunvor alikaa mbele, gauni la samawati, lulu masikioni, kigari chake cha kutembelea kimefungwa puto. Evert alifungua akodiani. Ylva akavuta pumzi. Joar akaweka kidole.

Ilikuwa kama shati lililofungwa vifungo kwa kuruka kimoja. Ylva na Evert walikuwa pamoja, na Joar alikuwa kando, chini yao kidogo, kidogo cha kutosha kuumiza meno. Alitazama kidole: kipo mahali pake. Akakitelezesha upande huu, vibaya zaidi. Akakirudisha. Mtu akakohoa. Katika ubeti wa pili Joar aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye nyuzi, akakaa kimya na besi mapajani hadi mwisho. Watu walipiga makofi ya huruma.

Walikutana kwenye chumba cha makoti, katikati ya makoti yaliyolowa.

"Hukufanya mazoezi," Ylva alisema.

"Kila siku, Ylva. Wiki tatu."

"Ulijisikia ulivyopiga lakini?"

"Nilijisikia."

"Basi usiniambie kila siku. Niambie ulichoka, niambie ulisahau, nitakuelewa. Usiniambie kila siku!"

"Labda sikio langu limekufa."

"Sikio halifi Jumamosi moja, Joar."

Alilivaa koti la manjano, mkono wa kushoto umepinduka nje ndani, na hakurekebisha. Alitakiwa kuondoka Jumapili. Aliondoka jioni ile ile.

Jumatatu ikaja, ikapita. Simu haikulia na Joar hakuipiga. Mtu akiitwa mwongo juu ya jambo ambalo masikio ya ukumbi mzima yameshuhudia, atajitetea na nini? Jumanne aliweka tangazo: Besi, tumbo wazi, haina vyuma, bei ile ile niliyonunulia. Haina kosa. Kosa ni la mpigaji. Baada ya saa moja akapata jibu: Nainunua. Ijumaa saa nane mchana, stesheni, jukwaa la treni ya Stockholm. Mwandikaji alijiita H. B. Joar akadhani ni Håkan fulani.

Alhamisi alikuwa akiendesha tramu namba tatu. Katika kituo cha Mariaplan kikongwe mmoja alipanda na kigari, akaja moja kwa moja mbele, akagonga kioo cha dereva kwa pete.

"Wewe ndiye uliyeharibu valsi yangu."

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Ylva alikuambia upige kwenye nini?"

"B."

"Ukapiga kwenye nini?"

"B, bibi."

"Nilisikia. Nimeimba kwaya ya kanisa miaka sitini, B ninaijua kama mlango wangu. Wao ndio walikuwa kwenye H."

Joar alimtazama kwenye kioo.

"Nani alikufundisha muziki?" bibi aliuliza.

"Mzee Albin, bendi ya tramu."

"Basi alikufundisha kama sisi tulivyofundishwa. Baada ya A inakuja B, na juu ya B inakuja H. Hawa vijana wameitupa H, wamelichukua jina la B wakalipandisha juu. Ukimwambia mtu wa zamani B, anakwenda huku. Ukimwambia wa sasa B, anakwenda kule."

"Upana wa kidole kimoja," Joar alisema polepole.

"Kidole kimoja tu."

"Dereva!" sauti ilitoka nyuma. "Tunaondoka au tunafanya kwaya?"

"Mwenye haraka ashuke atembee, miguu si anayo!" bibi alimjibu bila kugeuka. Kisha kwa Joar: "Bado unayo hiyo besi?"

"Nimeshamwahidi mtu. Kesho, stesheni. H. B. fulani."

Bibi Gunvor alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mtoto akivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

"Endesha tramu, mwanangu," alisema. "Masikio unayo. Mengine yatakuja."

Joar alifika kituo cha tatu ndipo yalipomjia. Abiria wa siku ile wanakumbuka kwamba kituo cha Järntorget kilitangazwa mara mbili.

Ijumaa saa nane, koti la manjano lilishuka behewa la sita. Ylva alisimama mbele yake, hakumgusa.

"Mimi ndiye wa besi," alisema.

"Umechelewa."

"Treni ilichelewa." Akatua sanduku chini. "Bibi alinipigia Jumapili akanieleza. Kwenye simu ningesema samahani, wewe ungesema hamna neno, tungekata, na neno lingebaki. Ndiyo nikaja. Nilikuita mwongo, na ulikuwa umefanya kila nilichokuambia. Herufi kwa herufi."

"Kosa moja haliachi mke," Joar alisema.

"Mke gani? Hujaniuliza chochote."

"Ni msemo tu."

"Mh. Kwanza nionyeshe kama inafanya kazi. Mnunuzi ana haki."

Joar aliketi juu ya sanduku la Ylva, akafungua mkoba. "Kwenye nini?"

"B."

"Ipi?"

"Yako."

Alipiga. Na Ylva akaimba valsi ya bibi yake, chini ya alivyozoea kwa upana wa kidole kimoja, sauti ikimkwaruza kidogo mahali pa chini, mpaka ikamfikia alipo. Mwanamke mmoja mwenye mbwa alisimama kusikiliza. Mbwa naye.

Walipomaliza Ylva aliongea haraka haraka. "Jumatatu niliwajibu ndiyo. Sikutaka kukufanya wewe uwe sababu ya hapana yangu. Kazi ni yangu na ninaipenda. Lakini huko sina besi. Nina tiketi mbili za Jumapili."

"Umeå hakuna tramu."

"Kuna mabasi."

"Kwa hiyo besi na basi."

"Ukianza utani huo ninaondoka peke yangu. Joar, utanioa?"

Joar alivuta pumzi kwa mdomo, fyup, kama mtu anayekunywa chai ya moto.

"Nani kakufundisha?"

"Simu."

Walioana Agosti katika ofisi ya manispaa ya Umeå. Shughuli yote ilichukua dakika nne. Ylva bado anashona. Joar anaendesha basi la kwenda hospitali, na anasema usukani ndio uliomsumbua, maana tramu haina. Siku za Alhamisi anapiga na wauguzi watatu wastaafu kwenye chumba cha maktaba, kwa hiyo besi ilipata bendi. Ubavu mmoja wa besi ulipasuka kwa baridi ukagundishwa. Mjomba Evert anaiita H kwa jina la B mpaka leo na hataki kuelezwa. Bibi Gunvor alifariki akiwa na miaka tisini na mbili, mwezi wa Februari, na walimwimbia valsi yake kwenye B ya zamani. Evert alikaa kitini bila akodiani. Nyumba ya Joar ya Göteborg ilipangishwa kwa mwanafunzi wa ngoma, na jirani wa chini amehama.